Tuchimbe msingi Januari au tusubiri? Jibu kwa kamati ya ghala, Tandahimba

"Shikamoo Mhandisi. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi ya chama chetu cha msingi cha ushirika huku Tandahimba. Wanachama walikubali kukatwa kidogo kwenye kila kilo ya korosho kwa misimu miwili ili tujenge ghala letu wenyewe, mita 10 kwa 20, tuachane na kupanga. Makato ya msimu uliopita yapo benki, ya msimu huu yanamalizikia kuingia. Mkutano mkuu unataka ghala lipokee korosho msimu ujao. Sasa wanachama wanasema tuchimbe msingi Januari, waone hela yao inafanya kazi. Fundi yuko tayari, ametuandikia mahitaji kwenye karatasi moja. Mwenyekiti anasita. Tuanze au tusubiri?"

Marahaba, Ndugu Katibu. Mwenyekiti wako anasita kwa haki: msichimbe msingi Januari. Ila usiende kwa wanachama na neno "tusubiri", maana kuanzia wiki ijayo mpaka Aprili kamati yako ina kazi nyingi kuliko itakayokuwa nayo Julai. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haionekani kwa mtu anayepita barabarani, ndiyo maana hakuna anayeihesabu.

Chukua kalenda uisome kinyumenyume. Minada huwa inafunguliwa Oktoba, lakini magunia ya kwanza yanaanza kuwafikia Septemba. Sakafu ya zege nataka ikae siku 28 kabla haijapandishiwa rundo la magunia ya kilo 80, kwa hiyo sakafu iwe imemwagwa wiki ya kwanza ya Agosti. Mimi hupendelea sakafu imwagwe bati likiwa juu tayari, kivulini. Basi kuta, mkanda wa juu, kenchi na bati viwe vimekwisha mwisho wa Julai. Vipe wiki saba. Msingi na jamvi la mawe la kubeba sakafu, wiki nne. Umetua katikati ya Mei. Na huku kusini mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba, zinaaga Aprili, na nyingine bado zinachungulia Mei. Yaani dirisha lenu la kujenga ni kuanzia mvua inapokatika mpaka mnapoanza kupokea korosho, na ukilipima halina wiki hata moja ya kuchezea. Mkifika Mei huku bado mnatafuta ramani, mnabishana bei ya kokoto na mnasubiri kibali, ghala litapokea korosho za msimu unaofuata huo.

Shida yetu ni kwamba hela ya korosho na mvua vinaingia nyumba moja siku moja. Mfuko ukijaa Novemba na Desemba, kila mtu anataka kuchimba. Ndiyo maana vijijini kwetu kuna maboma mengi yaliyoishia kwenye lenta.

Mimi mwenyewe niliwahi kukubali. Ilikuwa mkoani Lindi, jengo la ukubwa unaokaribiana na lenu, na wenye kazi walinibana nichimbe Desemba. Mtaro ukachimbwa vizuri, kingo zimesimama wima kama zimekatwa kwa kisu. Usiku mvua ikapiga saa tatu mfululizo. Asubuhi nilikuta kingo zimelala ndani ya mtaro, pegi zimeondoka, uzi umezama kwenye tope. Tukachimba upya. Wiki mbili baadaye, tena. Mtaro ule tuliuchimba mara tatu, na kila mara ulizidi kuwa mpana, kwa hiyo na zege la kuujaza likaongezeka. Gharama ile hakuna aliyeiandika popote. Ilikuja kuonekana bati lilipopungua.

Udongo wenu wa juu ya uwanda wa Makonde, ule wa kichanga mwekundu, una wema wake: haufanyi kama mfinyanzi mweusi wa mabondeni unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Lakini unasombwa. Maji yakipata njia pembeni ya msingi, yanakula taratibu mpaka unakuta kona ya nyumba inaning'inia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kamati ni hii, na haina gharama: siku mvua kubwa ikinyesha, nendeni kwenye kiwanja, watu watatu na vijiti. Tazameni maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi, yanasimama wapi. Kila yanapopita, chomekeni kijiti. Mvua ikikatika pigeni picha. Mchoraji wa ramani aliyeko Mtwara mjini akiipata picha hiyo atajua aelekeze jengo upande gani na mfereji upite wapi. Kiangazi huwezi kuiona habari hiyo hata ukilipa.

Kisha mashimo matatu ya majaribio, mawili kwenye kona zinazotazamana kwa mshazari na moja katikati, kina mita moja na nusu au zaidi kidogo. Hayo ni mashimo madogo, yachimbwe siku kavu na kufukiwa siku hiyohiyo. Asiachwe mtoto wala mbuzi kutumbukia. Mnatafuta kujua kama chini kuna kifusi cha zamani, shimo la taka lililosahaulika, kichuguu, au udongo uliobadilika ghafla upande mmoja. Mchwa wakionekana, dawa ya kunyunyizia iingie kwenye hesabu sasa hivi.

Sasa maji. Hapa ndipo makadirio mengi ya Newala na Tandahimba yanapovunjikia, na nina hakika kwenye karatasi ya fundi wenu neno maji halimo. Tufanye hesabu ya sakafu peke yake. Mita 10 kwa 20, unene wa sentimita 15, ni mita za ujazo 30 za zege. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, kila mita ya ujazo inakula mifuko sita na nusu ya saruji hivi, kwa hiyo ni kama mifuko 200, yaani tani 10. Kuchanganya kunataka lita 180 kwa kila mita ya ujazo: lita 5,400. Kumwagilia siku saba, tuseme lita tano kwa kila mita ya mraba kwa siku, ni lita 7,000 nyingine. Sakafu tu imekunywa zaidi ya lita 12,000, ndoo 620 za lita ishirini, na kazi hiyo inafanyika Agosti, wakati maji huko kwenu yananunuliwa kwa boza na akina mama wanapanga foleni kwa ndoo moja. Jengo zima, kwa hesabu yangu ya haraka, halitashuka chini ya lita 30,000. Maji yakikosekana, fundi hawezi kusimama, atapunguza kumwagilia. Zege lisilomwagiliwa linakauka juu linakuwa unga, na sakafu ya unga mtaifagia kila msimu mpaka mkutane na kokoto.

Kwa hiyo Januari wanachama wakitaka kuona kitu, waonyesheni matanki. Jengeni kitako cha tofali nyuma ya ofisi ya chama, wekeni simtanki mbili za lita 10,000, fungeni mifereji kwenye bati la ofisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu haina uchawi. Ofisi ya mita 6 kwa 10 ikinyeshewa milimita 30 za siku moja inatoa lita 1,800; hata ukitoa zinazomwagika, 1,500 zinaingia. Mpaka mwisho wa Aprili zote mbili zimejaa, na mnazifunga kwa kufuli. Mkija kumwagilia, tandikeni nailoni juu ya zege ili unyevu usikimbie. Upungufu utakaobaki ndio mnunue kwa boza, mkiwa mmeuweka kwenye bajeti.

Na tofali mzifyatue hukohuko kwenye masika. Najua linasikika kinyume, lakini fikiria: kufyatua kunataka maji, kunataka kivuli, kunataka tofali lisikaushwe na jua. Masika vyote vitatu viko bure. Ghala lenu lina mzunguko wa mita 60; kuta za mita nne kwenda juu ni mita za mraba 240, na kila mita ya mraba inakula tofali za inchi sita kama kumi pamoja na zinazovunjika. Ni tofali 2,400. Kwa tofali 30 kwa mfuko ni mifuko 80. Simamisheni banda la makuti au turubai, mfyatue Februari mpaka Aprili mwanzoni, mzimwagilie siku saba na kuzipanga. Miaka hii Ramadhani inaangukia humohumo, kwa hiyo pangeni zamu ya asubuhi na msitegemee kasi ya kawaida. Mei ikifika mna rundo la tofali lililokomaa, na kila mwanachama anayepita analiona. Fundi akiwaambia anaweza kutoa tofali 45 kwa mfuko, mshukuruni, mtafuteni mwingine.

Kabla ya mchanga wowote kushushwa, chukueni chupa ya plastiki yenye mdomo mpana. Jazeni mchanga sentimita 10, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni sana, muiache mpaka kesho yake. Tope litakaa juu ya mchanga kama tabaka la ugoro. Likifika sentimita moja, lori hilo lirudi. Na mtu akiwaletea mchanga wa pwani kwa bei ya kutupa, mkataeni. Chumvi yake inakula nondo ndani ya zege mnapotazama kwingine.

Vifaa vingine havinunuliwi pamoja. Saruji haipendi kukaa: baada ya miezi mitatu, hasa kwenye unyevu wa masika, inapoteza nguvu, na kiwanda kikubwa kiko Mtwara hapo, hakuna sababu ya kulimbikiza. Nunueni ya tofali Februari, ya msingi Mei, ya sakafu Julai. Kinyume chake ni nondo na bati, ambazo nyingi zinatoka Dar es Salaam. Hizo ziwe ndani ya stoo kabla ya Aprili kwisha. Mnakumbuka Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilivyoikata barabara ya Lindi upande wa Kilwa. Malori yalilala njiani siku kadhaa, na aliyekuwa anasubiri nondo alilipa mafundi wakicheza bao.

Nondo zikifika msizihesabu tu. Nyinyi mna kitu ambacho wajenzi wengi hawana: mzani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa iwe na kilo 10.7 hivi. Ya milimita 10, kilo 7.4. Ya 16, karibu kilo 19. Fungeni kumi pamoja, zipandisheni mzanini kama gunia la korosho. Kumi za milimita 12 zikisoma kilo 85, mmeuziwa nyembamba, na huo ni wembamba ambao jicho halioni. Mbele ya dereva, kabla hajashusha. Watu wa korosho hamhitaji kufundishwa kangomba, ule ununuzi haramu wa korosho kwa vipimo vya kupunja, ni nini. Hii ni kangomba ya chuma.

Karatasi ya fundi. Simdharau, pengine ni fundi mzuri kuliko wengi wenye vyeti, lakini karatasi moja haijengi ghala. Mnahitaji ramani iliyochorwa na kugongwa mhuri na wataalamu waliosajiliwa, na kutoka kwenye ramani hiyo mkadiriaji majenzi awatolee BOQ, yaani kila kitu kwa kipimo na bei yake. Bila hiyo mtalinganisha vipi bei za wajenzi watatu? Mmoja atakuwa amehesabu mlango wa chuma, mwingine wa mbao, wa tatu hakuhesabu mlango. Kwenye karatasi za namna hiyo huwa yanakosekana yaleyale: maji, usafiri kutoka barabara kuu, kibali, malipo ya msimamizi, choo cha mafundi, mlinzi, umeme, mifereji ya kuzunguka jengo, na fungu la dharura la asilimia 10 ambalo mhasibu hatakiwi kuligusa bila saini ya kamati.

BOQ ikirudi kubwa kuliko hela yenu, na huenda ikarudi hivyo, msianze kukwangua. Hapa ndipo kamati nyingi zinapokosea: zinapunguza nondo, zinaacha nailoni ya chini ya sakafu, zinachukua bati la geji 30, ambalo ni jembamba, badala ya 28. Punguzeni urefu, msipunguze unene. Jengeni mita 10 kwa 14 iliyokamilika, na mwambieni mchoraji ukuta wa mwisho uwe wa kubomoleka, msingi na paa vikubali kuungwa baada ya msimu mmoja. Ghala fupi linapokea korosho. Ghala refu lisilo na bati ni pagala.

Karatasi za serikali nitazipitia haraka kwa kuwa afisa ushirika wenu anazijua: makisio yapitishwe na mkutano mkuu na yafike kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika kabla hela haijatoka, kiwanja kiwe na hati kwa jina la chama, si kwa jina la mzee aliyekitoa kwa mdomo, kibali cha ujenzi kiombwe halmashauri mara ramani ikikamilika. Kila moja kati ya hizo inaweza kukaa kwenye meza ya mtu wiki sita. La kiwanja lianze kesho. Mzee akifariki kabla ya kuandika, watoto wake hawatakumbuka maneno yake kama mnavyoyakumbuka nyinyi.

Mjenzi awe mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa daraja linaloruhusu kazi ya thamani hiyo. Madaraja ni saba na la saba ndilo la chini. Hakikini namba yake kwenye bodi wenyewe, msipokee nakala tu. Fundi wenu mnaweza kuomba achukuliwe kama msimamizi wa mafundi, na mtakuwa mmeponya undugu. Msimamizi wa upande wenu awe mtu mwingine kabisa, mhandisi anayelipwa na chama kwa ziara: siku ya kumwaga msingi, siku ya nondo za mkanda kabla hazijafunikwa, siku ya kenchi, siku ya sakafu. Ziara nne zilizopangwa zinazidi kumi za kushtukiza baada ya zege kukauka.

Kwenye mkataba, sitaki mpigane sana juu ya malipo ya awali. Piganeni juu ya sehemu ya malipo inayozuiliwa, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 mpaka 10, na muda wa matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro. Mkandarasi atataka miezi sita. Mkikubali miezi sita kuanzia Septemba, inakwisha Machi, masika yakiwa katikati. Andikeni miezi 12, ili bati, mifereji na kingo za msingi vionje mvua nzima nanyi mkiwa bado mmeshika hela yake. Na malipo yafuate hatua iliyokamilika na kupimwa, siyo tarehe.

Watu nao wana kalenda yao. Juni mpaka Agosti vijana wengi wako mashambani wanapulizia mikorosho, na baada ya mavuno ya chakula kuna siku za unyago ambazo hakuna posho inayoweza kushindana nazo. Septemba kuokota kunaanza. Saidia fundi mtamtafuta kwa tochi. Mkandarasi aambiwe hayo kabla hajasaini, ili asije kuyageuza kuwa sababu ya kuchelewa.

Jambo moja la ramani kabla sijaondoka: mlango. Nimeona ghala zuri ambalo lori haliwezi kugeuza, kwa hiyo kila gunia linabebwa kichwani mita arobaini kutoka barabarani, kila msimu, miaka yote. Mkiwa kiwanjani na vile vijiti, mwiteni dereva mmoja wa malori yanayobeba korosho zenu, aingie, ageuze, arudi nyuma mpaka mlango utakapokuwa. Alama za matairi yake ndizo zitakazowaambia ghala likae wapi. Mlango usitazame kaskazini-mashariki, maana upepo wa kaskazi ndio unaoleta mvua ya kupiga pembeni korosho zikiwa ndani. Sakafu ipande walau sentimita 45 juu ya ardhi, na matundu ya hewa yawekwe wavu wa panya.

Mkishachimba yale mashimo matatu, niandikie ulichokiona kwenye kila kina, na picha ziwe na futikamba pembeni.